Reflekta ya Kuazima

Jumatatu, 3 Machi
Nimechoka. Miaka mitatu napiga picha treni za mizigo, na kila ikipita moja, treni ya abiria inajipenyeza katikati. Nina albamu nzima ya watu wakipiga miayo dirishani!

Mzee Posta, tarishi mstaafu anayejiona mwenye stesheni, katangaza kuwa Alhamisi inapita mashine ya manjano ya kushindilia kokoto za reli. Yeye anayo picha yake. Mimi sina.

Mke wangu kasema siku hiyohiyo mama yake anakuja, nikampokee. Nimekubali upesi mno. Kaniangalia.

Jumatano, 5 Machi
Nimeazima reflekta, kizibao kile cha kung'aa cha mafundi, kwa jirani, fundi mwashi. Nikiivaa, nani atanizuia kufika ukingo wa reli? Mke kaonya: mama akiachwa tena juani juu ya sanduku lake, atarudi kwao, naye atamfuata. Yaani ndoa yangu imo mikononi mwa ratiba ya treni.

Alhamisi, 6 Machi
Ofisini nimeaga naumwa. Reflekta imefanya kazi kupita kiasi. Mnyapara wa vibarua wa reli kanidhania mtu wake, kanigombeza kwa kuchelewa, kanitia beleshi mkononi. Nikataka kujieleza. Kasema maelezo baadaye, kokoto kwanza.

Mashine ikapita! Karibu sana hata nikanusa mafuta yake. Simu? Kwenye koti. Koti? Benchini, kando ya Mzee Posta.

Mama mkwe akashuka, akaniona na beleshi, akaangua kilio.

Ijumaa, 7 Machi
Mgongo umegoma kunyooka. Mama mkwe kautangazia ukoo mzima kwamba nimefukuzwa ofisini lakini sikuona haya kufanya kazi ya jasho. Kaniita mwanangu. Mara ya kwanza tangu nioe! Nilitokwa na machozi, ya kweli.

Mzee Posta hasemi nami. Picha aliyopiga jana ni safi kabisa, ila nimeinama katikati, makalio yangu yamefunika namba ya mashine. Faraja pekee ya wiki.

Jumapili, 9 Machi
Mke kanivuta jikoni. Kasema nimwambie mama ukweli leo, njia ya mwongo ni fupi. Nikaenda sebuleni kuungama, naapa. Mama mkwe akanitangulia: anataka kesho anione kazini, ajivunie.

Kesho mashine inarudi.

Ofisini nitaumwa tena. Reflekta nimeifua. Mama mkwe nimemwonyesha simu inabonyezwa wapi.