Profesa wa Kutu

Profesa hakuwahi kukanyaga chuo chochote, lakini koti jeupe alikuwa nalo, na watu wa mjini wakiona koti jeupe hawaulizi mengi. Siku hiyo alipita mbele ya karakana ya masinki ya stenlesi akaona wateja watatu wamembana mwenyewe mlangoni, wote wanalalamikia kutu. Moyo ukamruka kwa furaha. Kutu ya wenzake ndiyo iliyokuwa riziki yake.

Walipoondoka, akaingia na kopo. Ndani mlikuwa na gundi ya mbao iliyozimuliwa kwa maji, ila mdomoni mwake ikageuka utando wa nano: chembe ndogo kuliko vumbi, zinashikana juu ya chuma hadi unyevu unakosa pa kupenya.

"Bosi, ukipaka dawa hii hata msumari wa kuokota, haushiki kutu ng'o."

Bosi, mnene, mpole wa maneno, akakubali wajaribu. Profesa akaomba kipande cha stenlesi yake bora kabisa. Hapo ndipo penye ujanja, maana stenlesi nzuri haishiki kutu upesi hata ukiipaka mate. Kipande kikapakwa, kikazamishwa kwenye ndoo ya maji ya chumvi, na Profesa akaacha pikipiki kama dhamana kwamba dawa ikishindwa hatatoroka. Pikipiki ilikuwa ya shemeji yake, lakini hilo halikuwa suala la kisayansi.

Aliporudi baada ya siku chache kuchukua pikipiki na malipo ya dawa, akawakuta wale wateja watatu wameitwa. Bosi akatoa kipande ndooni. Chekundu kama tofali.

Masikini Profesa! Tapeli mzima, akajenga utapeli wake wote juu ya uaminifu wa mtu asiyemjua. Kumbe Bosi miaka yote anauza chuma cha kawaida, kimesuguliwa tu kikang'aa.

"Hii si stenlesi," Profesa akafoka.

"Wewe si ulisema hata msumari unapona?" Bosi akawageukia wateja kwa huzuni kubwa. "Mnamwona? Dawa ya huyu ndiyo niliyopaka masinki yenu, ndiyo iliyoyala."

Kujitetea kungemlazimu Profesa aseme kopo lina gundi. Wateja wakamkamata koti, na ikaamuliwa pikipiki iuzwe kufidia masinki. Akalia kwa dhati kwamba shemeji atamuua.

Bosi akamsindikiza hadi mlangoni, mkono begani, akamnyang'anya kopo taratibu.

"Hili liache, ndugu yangu. Kuna wateja wengine wa kutu wako njiani."