Ombi la Kuruhusiwa Kuzeeka Kama Nyota

Jikoni,
Kituo cha Darubini, Karoo

Mheshimiwa Mkurugenzi, Dokta Hattingh,

Natumaini umeamka salama alasiri hii. Ni mimi Katriena Slingers, mpishi wenu wa miaka thelathini na moja, ninayewaandalia chai ya asubuhi saa kumi jioni kwa kuwa usiku mnakesha na nyota. Nimepata barua yako ya kunistaafisha mwisho wa mwezi. Sijakasirika hata kidogo. Nina malalamiko manne tu.

1. Ijumaa, kwenye ukumbi wa kanisa, ulitufundisha kwamba nyota ikizeeka huishiwa kuni tumboni, ikafura, ikawa nyekundu. Watu wakapiga makofi. Mimi pia nimefura, na uso umeiva kwa moto wa jiko lenu. Sikupigiwa makofi, niliandikiwa barua.

2. Ukasema nyota hiyo huvua maganda yake, na kiini kinachobaki, kidogo lakini kikali, huyaangaza yakawa wingu zuri ajabu. Mnaliita nebula ya sayari, na sayari haimo; walikosea wazee wenye darubini ndogo. Jina hilo limewashinda kurekebisha miaka zaidi ya mia mbili, ila umri wangu mmeuhesabu mpaka siku.

3. Wingu hilo hudumu miaka kama elfu kumi. Mimi mmenipa siku ishirini na mbili. Naomba haki sawa na nyota. Elfu kumi zikiwa nyingi, nitaridhika na elfu nane.

4. Eti nafasi yangu apewe Merlinda, mtoto wa kaka yangu, aliyeunguza uji juzijuzi hapa. Ananiambia, "Shangazi, pumzika bwana, si umechoka?" Nani kachoka? Kiini ndiyo kwanza kinapata moto.

Dokta, tangu mume wangu afariki, ni hapa tu ninapoulizwa chakula kiko wapi. Nikiondoka hapa, nani ataniuliza?

Nisalimie mkeo, mafundi wa vioo, na yule mgeni asiyekula vitunguu.

Ni mimi, ninayewaka bado,
Katriena Slingers

Baada ya kusaini: Leo niliingia jikoni ghafla nimfume Merlinda akiunguza mkate wa makaa. Haukuwa umeungua. Nikaonja. Ni mkate wangu kabisa, mpaka ile chumvi ninayozidisha kidogo na sijawahi kumwambia mtu. Nimevua aproni, nikamfunga nayo kiunoni kwa mikono yangu. Futa namba moja hadi nne. Ila kile kiti cha karibu na jiko msikiondoe, nitakuwa nakuja. Ulisema mwenyewe, wingu haling'ai kiini kisipokaa katikati.