Fanusi Zilizokatwa Kwenye Mifupa Yangu

Ismailia,
26 Shaabani

Kwa Shemeji yangu mheshimiwa, Haji Wagdi Sallam,
Port Said.

Assalaam alaykum.

Natumai mgongo wako umepata nafuu na shemeji zangu wote hapo nyumbani ni wazima. Naomba uketi kabla hujaendelea kusoma, maana barua hii inamhusu dada yako Inshirah, mke wangu kwa miaka thelathini na minne. Wewe ndiye mkubwa wenu na ndiye uliyenikabidhi mkono wake. Kwa hiyo nakuletea wewe malalamiko yangu kwa mpangilio, kama nilivyozoea kuandika ripoti nilipokuwa mkaguzi wa mizani.

1. Tangu majira ya baridi sebule yangu imetekwa. Kila Jumanne wanawake wanane huja kutengeneza kadi za Ramadhani, wakiongozwa na dada yako na jirani yetu wa ghorofa ya pili, Bi Bahija. Kazi yenyewe ni hii: wanachukua kipande cha karatasi ngumu, wanatoboa umbo la fanusi kwa wembe, na hicho wanakiita kiolezo. Wanakiweka juu ya karatasi, wanagonga rangi kwa sifongo, wanakiinua. Kuna fanusi. Wanakiweka kwenye karatasi nyingine, wanagonga, wanainua. Lo, fanusi tena! Bi Bahija hupiga makofi kila anapoinua, kana kwamba safari hii alitarajia ngamia. Ni watu wazima hawa, Shemeji. Watatu kati yao wamehiji.

2. Sikuwadharau bila ushahidi. Nilichukua rula nikapima hilali yao, nikakuta pembe moja imeizidi nyenzake kwa milimita tatu. Niliwaeleza kwa adabu kwamba mwezi wa namna hiyo haujawahi kuonekana juu ya Misri. Bi Bahija akanijibu mbele ya wageni, "Ustadh Rifaat, serikali imeshakupumzisha. Na wewe tupumzishe sisi." Dada yako alicheka mpaka akaweka sifongo chini. Nilitarajia angalau angegeuza uso.

3. Mwezi uliopita walikata kiolezo cha mzinga, ule unaopigwa magharibi watu wafuturu. Mimi, na kila mwenye macho, tuliona kiatu. Kilikuwa na kisigino. Niliwaambia, wakasema sina moyo wa sanaa. Basi Inshirah akampelekea kadi hiyo mkuu wangu wa zamani wa kazi, Ustadh Lamloum, kwa jina langu. Mzee wa watu alinipigia simu, sauti inatetemeka: "Rifaat, miaka kumi na tisa tumefanya kazi pamoja. Nimekukosea nini hata unitumie kiatu?" Nilimwapia kwamba ni mzinga. Akasema basi atamwonyesha mkewe tena. Mpaka leo hajapiga.

4. Sasa naingia kwenye jambo zito. Violezo vya karatasi vikilowa rangi hulegea, na Bi Bahija, ambaye akili yake ingefaa kutumika kwingine, akagundua kwamba picha za eksirei hazilowi. Ni ngumu, ni laini, na wembe unateleza juu yake. Jumanne iliyofuata kila mmoja akaja na mifupa ya kwao. Bi Shukria alileta goti lake. Mwingine alileta taya la marehemu mumewe. Dada yako alipanda kwenye kiti akashusha bahasha yangu juu ya kabati, ambamo nimehifadhi picha zangu zote tangu jeshini, zimepangwa kwa tarehe. Mguu wangu wa kushoto, ule ulioangukiwa na jiwe la mizani la kilo hamsini, leo ni hilali. Bega langu ni nyota. Kwenye picha ya zamani ya mbavu zangu wamekata fanusi tatu, kwa sababu, alisema Bi Shukria, "mbavu zina mistari tayari, zinatusaidia kunyoosha." Hakuna aliyeomba ruhusa ya mwenye mbavu.

5. Hapa, Shemeji, nakusihi usome taratibu. Mwezi wa Rajabu nilikuwa nakohoa. Nilikwenda peke yangu kwenye kliniki moja, wakanipiga picha ya kifua. Daktari akanionyesha kitu cheupe kama punje ya njegere upande wa kulia, akaniambia niende hospitali kubwa kabla wiki haijaisha. Nilimshukuru. Nilirudi nyumbani nikaitia picha ile chini kabisa ya bahasha, nyuma ya mguu, mahali ambapo mtu mwenye heshima zake hana sababu ya kupekua. Baba yenu aliondoka duniani kwa ugonjwa wa kifua, wewe unakumbuka na Inshirah anakumbuka, kwani ndiye aliyekuwa akimshikia beseni. Sikuona faida ya kumwambia. Niliona tupite Ramadhani kwanza, na Idi, halafu labda joto la kiangazi lipungue. Mtu ana haki ya kuwa na siri moja katika nyumba aliyoipanga mwenyewe.

Inshirah aliifikia picha hiyo Jumanne ya pili ya Shaabani. Aliinyanyua kwenye mwanga wa dirisha la roshani ili achore fanusi nyingine. Mimi nilikuwa mlangoni na birika la chai mkononi.

"Rifaat," akasema, "hii ni ya Rajabu."

"Ni ya zamani."

"Imeandikwa tarehe. Na hiki hapa nini?"

"Vumbi."

Akachukua ncha ya mtandio wake akafuta. Akaangalia. Akafuta tena, taratibu, kama anavyofuta miwani yangu. Kisha akaweka wembe mezani, na wanawake wanane, ambao sijawahi kuwaona wakiacha kugonga hata adhana ikilia, wakaweka sifongo chini.

6. Nalalamikia namna nilivyopelekwa hospitali. Sikupelekwa na mke wangu, jambo ambalo lina stara. Nilipelekwa na msafara. Teksi mbili, Shemeji! Bi Bahija alikuwa na rangi ya kijani mpaka kwenye viwiko, na karani wa mapokezi alipouliza ndugu wa mgonjwa ni nani, wote walinyoosha mikono. Walipoambiwa daktari hana nafasi mpaka mwezi ujao, waliketi sakafuni kwenye ukumbi, wakatoa karatasi na sifongo, wakaanza kugonga. Nafasi ilipatikana baada ya saa mbili.

Nilipasuliwa. Daktari alisema kivimbe kile kilikuwa bado hakijawa kibaya, ila kilikuwa kimeshakata tiketi ya kwenda huko. Akaongeza, mbele yao, "Hawa akina mama wamekuwahi." Nilimuuliza nani hapa amesomea udaktari. Akacheka, akaomba kadi mbili.

7. Nilipozinduka, kandokando ya kitanda changu kulikuwa na kadi ishirini na sita. Zote fanusi. Fanusi ileile! Wagonjwa wenzangu walikuja kuzitazama mmojammoja, kana kwamba kuna tofauti. Muuguzi mkuu akataka kufundishwa. Nilipoondoka hospitalini, wodi nzima ya wanaume ilikuwa inakata hilali kwenye mifupa ya watu, na mzee mmoja wa kitanda cha jirani, aliyekuwa mhandisi, alikuwa ameanza kunong'ona kwamba pembe zake ni sawa kabisa. Nilizipima. Zilikuwa sawa. Nilichukia zaidi.

8. Hili ndilo kubwa kuliko yote. Kwa miaka thelathini na minne dada yako amenisema kwa kila kitu: viatu mlangoni, redio, chumvi. Safari hii hakunisema. Siku tisa alikaa kwenye kiti cha chuma kando yangu, anakata karatasi, na nikikohoa mkono wake unasimama mpaka nimalize. Siku ya saba tu ndipo alipotamka.

"Ningekata, Rifaat," alisema, bila kuniangalia. "Wembe ulikuwa mkononi. Ningekata fanusi palepale penye kile kitu, ningepaka rangi, ningewapelekea watu kadi, na wewe ungesimama hapo na birika lako unaniangalia."

Mimi, ambaye nimewajibu wafanyabiashara wa soko zima kuhusu gramu tano, nilimwambia ninaomba maji. Alinipa. Je, hivyo ndivyo mke anavyotakiwa kumtendea mgonjwa?

Kwa hiyo, Shemeji, naomba utumie mamlaka yako ya ukubwa: kwanza, kikundi hiki kivunjwe. Pili, mguu, bega na mbavu zangu zirudishwe, hata kama ni vipandevipande. Tatu, na hili ndilo muhimu, umwite Inshirah kwako Port Said kwa mwezi mzima wa Ramadhani, akae chini ya uangalizi wako, ajifunze ukimya unatumika lini na maneno yanatumika lini, nami nipumzishe kidonda changu kwenye sebule isiyonuka rangi.

Nisalimie mama watoto, nisalimie Hanim na mumewe, nisalimie majirani wenu wa duka la samaki, na usimsahau shangazi yenu ingawa hasikii.

Wako katika heshima na uchovu,

Rifaat Barakat
Mkaguzi Mstaafu wa Mizani na Vipimo

Nyongeza: Shemeji, nilisinzia kidogo kabla ya kufunga bahasha. Inshirah ameisoma barua yote. Amesahihisha maneno mawili, akasema ombi la tatu ni la haki na atakwenda. Sasa hivi nasikia anatoa sanduku chini ya kitanda. Posta itachukua siku nne, kwa hiyo nitampa mtoto wa kike wa Bi Bahija akusomee haya kwa simu leo hii. Ukishasikia, mpigie dada yako upesi. Mwambie nyumba yako imejaa wageni. Mwambie maji yamekatika, mnapaka chokaa, mkeo ana surua, mwambie uongo wowote utakaokujia nami nitaubeba mbele ya Mungu. Usimwambie nimekuomba. Ameshakunja gauni la bluu, na lile ndilo analovaa akikusudia kukaa.