Nyumba Ni Mlango Wenye Kitasa

Ieleweke wazi kwamba tatizo la nyumba lilikwisha rasmi siku ya Jumatatu, saa nne na dakika arobaini asubuhi, katika Ukumbi Namba Mbili wa Bunge, mbele ya wajumbe kumi na chupa kumi za maji. Kama kuna mtu aliendelea kukosa pa kulala baada ya hapo, huo ni ukaidi wake binafsi.

Karani wa Orodha aliyashuhudia hayo kwa macho yake. Alikaa nyuma ya bosi wake, Mkurugenzi wa Idara ya Makazi na Serikali za Mitaa, amepakata mafaili kama mtoto mchanga. Kazi yake ilikuwa kutunza Orodha ya Wanaosubiri Nyumba, watu elfu nne mia mbili na kumi na tatu, ambao Idara iliwahesabu kila mwaka na kuwafungia tena kwenye droo. Yeye mwenyewe alikuwa wa kumi na tisa. Miaka kumi na moja iliyopita alianza akiwa wa thelathini na moja. Hakuna aliyewahi kupewa nyumba, mtu alisogea pale tu wa mbele yake alipofariki. Karani hakumwombea mtu mabaya. Ila matangazo ya vifo aliyasoma kwa makini kuliko wenzake.

Aliishi kwenye chumba kimoja cha kupanga na mumewe, watoto wawili, na mama mkwe upande wa pili wa pazia. Na chumba chenyewe mwisho ulikuwa Ijumaa. Mwenye nyumba alikuwa anamwozesha mwanawe, bwana harusi akitaka pa kumweka mke.

"Mkwe wangu anaigawia nchi nzima nyumba," mama mkwe alisema asubuhi hiyo, kwa sauti ya kuwafikia majirani. "Sisi anatugawia pazia."

"Mama, mimi nashika orodha tu. Sishiki nyumba."

"Basi jisogeze juu. Kalamu si unayo?"

"Haifai, Mama."

"Haya. Ijumaa tutakwenda kulala kwenye hiyo haifai yako."

Ndiyo maana Karani aliisikiliza Kamati siku hiyo kama mgonjwa anavyomsikiliza daktari.

Mwenyekiti wa Kamati, mtu mwenye tumbo la heshima na sauti iliyotangulia tumbo, alipiga meza. "Mkurugenzi, Idara yako iliahidi nyumba mia nane. Ziko wapi?"

Mkurugenzi akasimama. Akafunga kifungo cha koti, akakifungua, akakifunga tena.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, nina furaha kuiarifu Kamati yako tukufu kwamba mradi umekamilika kwa upande wa milango."

"Upande wa milango?"

"Milango mia nane, mheshimiwa. Mbao ngumu. Iko ghalani."

"Na nyumba?"

"Idara inatekeleza mkakati mpya wa kuanzia mlangoni. Zamani tulikuwa tunaanzia kwenye msingi, na waheshimiwa mtakumbuka tulikuwa tunaishia hapohapo."

Waheshimiwa waliitikia kwa vichwa. Walikumbuka.

Mjumbe mmoja, mwalimu mstaafu ambaye wenzake walimwita Mwalimu hata nje ya darasa, akainua mkono. "Mtu akifungua mlango huo, anaingia wapi?"

"Ndani, mheshimiwa."

"Ndani ya nini?"

"Hilo ni suala la awamu ya pili."

"Na mvua ikinyesha?"

"Atakuwa ameshaingia, mheshimiwa."

Mwalimu alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Mkurugenzi alikuwa bado yuleyule.

Hapo Kamati ilikuwa imebakiza dakika tano tu kumtafuna mtu mzima mzima. Lakini akanyanyuka mjumbe aliyejulikana kwa jina la Mwongozo, kwa sababu hakuwahi kufungua mdomo bila kuomba mwongozo.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba mwongozo wako. Mia nane gawa kwa kumi ni ngapi?"

"Themanini."

"Na sisi tupo wangapi?"

Kila mjumbe aliona jukwaa, vipaza sauti, na yeye mwenyewe akiwatangazia wapiga kura wake nyumba themanini kwa mpigo. Mmoja alitabasamu peke yake. Mwingine alianza kupunga mkono, akajishtukia, akajifanya anafukuza nzi.

"Mkurugenzi," Mwenyekiti akasema, sasa kwa sauti ya shemeji, "hii milango ina ubora?"

"Ubora wa kimataifa, mheshimiwa. Nikupe mfano, inafunguka."

"Jamani!" Mwalimu akapaza sauti. "Mlango si nyumba!"

"Mheshimiwa," Mwongozo akamgeukia, "wewe ukitoka nyumbani kwako unafunga nini? Unafunga paa?"

Ukumbi ukalipuka kwa vicheko na makofi. Karani tu hakucheka. Yeye alikuwa anaandika.

Azimio liliandikwa palepale. Nyumba ni mlango wa serikali wenye kitasa na namba. Mjumbe mmoja akauliza itakuwaje na milango iliyo ghalani, mbali na majimbo, wakaongeza maneno "popote ulipo". Mwongozo, kwa kuogopa Mkurugenzi asije akajaza shangazi zake, akaongeza kwamba familia moja ipewe nyumba moja, basi. Na kwa kuogopa watu wasije wakapewa wakaenda kupangisha, akaongeza kwamba nyumba itakayokutwa haina mwenyewe ndani igawiwe mwingine papo hapo. Mwisho wa zoezi, Ijumaa.

Wakapiga kura tisa kwa moja. Mwenyekiti akaweka sahihi, ndefu, yenye mkia uliotoka nje ya karatasi na kumalizikia mezani.

Jumanne Karani alikwenda ghalani na rejista yake. Milango mia nane ilikuwa imeegemezwa ukutani, mizuri, inanukia mbao. Aliizunguka mara mbili.

"Vitasa viko wapi?" akamuuliza mtunza ghala.

"Vitasa ni zabuni nyingine, dada. Bado haijatangazwa."

"Sasa hivi mtu anafunguaje?"

"Anasukuma. Ni milango yenye ushirikiano."

Karani akampigia bosi wake simu. Mkurugenzi alikuwa kwenye hafla ya kupongezwa, nyuma yake watu wanagonga glasi.

"Mkuu, milango ya ghalani haina vitasa. Kwa azimio, siyo nyumba."

"Mwanamke, azimio limesemaje? Mlango wa serikali wenye kitasa na namba, popote ulipo! Popote! Tafuta, gawa, Ijumaa niletee ripoti."

"Yote, mkuu?"

"Yote! Na usinipigie tena."

Karani alikuwa mtii. Akateremka kwa Afisa Mali, bwana aliyekuwa akibandika namba ya serikali kwenye kila kisichotembea, na siku moja aliwahi kumbandika dereva aliyesinzia. Daftari lake lilikuwa halina mpinzani. Milango ya maofisi Karani aliiruka, maana ilikuwa na watu tayari, angalau kwa mujibu wa daftari la mahudhurio. Akafungua ukurasa unaofuata: nyumba za serikali wanazoishi waheshimiwa. Vitasa vya shaba. Namba kwenye kila mlango. Nyumbani kwa Mwenyekiti pekee, milango ishirini na sita, na familia moja.

Akalisoma azimio mara tatu. Alijua anachokishika, na alijua kazi yake inaweza kwisha kabla ya chumba chake. Kisha akavuta kiti na kuanza kuchapa barua, kwa mpangilio wa Orodha, wa kwanza mlango wa kwanza, wa pili mlango wa pili, bila kumruka mtu na bila kujisogeza hata nukta.

Ijumaa saa tatu asubuhi, familia ishirini na tano zilisimama kwenye geti la Mwenyekiti, na magodoro, ndoo, majiko na jogoo mmoja. Mlinzi akapokea kutoka kwa Karani barua na nakala ya azimio, akazigeuza huku na huku.

"Mama, hapa ni kwa Mheshimiwa."

"Sahihi ya nani hiyo?"

Mlinzi akaufuata ule mkia kwa kidole hadi ukingoni mwa karatasi. "Ya Mheshimiwa."

"Basi anawangoja."

Mlinzi akafungua geti na kupiga saluti. Jogoo akatangulia.

Mwenyekiti mwenyewe hakuwepo, alikuwa jimboni anatangaza nyumba themanini. Mkewe aliwapokea kwenye ngazi, na kitambaa cha vumbi mkononi. Alisoma azimio lote bila kuketi, akacheka hadi akashika ukuta.

"Kwa hiyo sisi tunabaki na mlango mmoja?"

"Mmoja, mama," Karani akamjibu. "Chagueni wenyewe."

Akafikiri kidogo tu. "Stoo ya chakula."

Watu wakaingia. Wa kwanza kwenye Orodha, kinyozi mstaafu, akapata sebule na kuning'iniza kioo chake siku ileile. Fundi viatu alipangiwa bafu, akashukuru, maana alikuwa hajawahi kuishi kwenye maji ya bomba. Kabati la ukutani lilikuwa na kitasa na namba, likachukuliwa na bwana mmoja kapera, akasema ni kubwa kuliko alikotoka. Wa kumi na tisa, Karani mwenyewe, mlango wa kumi na tisa: chumba cha kulala cha Mheshimiwa, chenye kitanda ambacho watoto walikizunguka kwa kukimbia.

Mama mkwe alikaa ukingoni, akaruka mara mbili kupima.

"Hapa wanalala wangapi?"

"Alikuwa analala yeye na mkewe, Mama."

"Sasa ndiyo nakuona unafanya kazi," mama mkwe akasema, na kuvua viatu.

Mwenyekiti alirudi mchana. Alipiga kelele sebuleni, kinyozi akamwomba apunguze sauti kwa kuwa ana mteja. Aliita polisi, polisi wakaja, wakasoma azimio, wakauliza kama bado kuna milango. Akaamua kuitisha kikao cha dharura kulifuta azimio, akapiga simu kwa wajumbe mmoja mmoja.

"Njoo haraka, tunataka akidi!"

"Siwezi, Mwenyekiti," Mwongozo alinong'ona. "Nimeshika kitasa. Nikitoka tu, kuna mama na masufuria yake hapo kwenye korido ananiangalia."

Wote walikuwa hivyo, kila mheshimiwa ameusimamia mlango wake wa mwisho. Mwalimu peke yake, asiyekaa nyumba ya serikali, ndiye aliyefika ukumbini, akakaa, akangoja, akanywa maji chupa zote kumi. Mkurugenzi naye, baada ya nyumba yake ya serikali, ya milango kumi na saba, kugawiwa yote akiwa kwenye hafla nyingine, alihamia ghalani. Inasemekana analala katikati ya milango mia nane na hana pa kuingia.

Jumamosi asubuhi familia ya Karani ilikuwa inakunywa chai. Watoto wameketi kwenye zulia, mumewe anatafuta pa kupachika msumari, Karani mwenyewe amenyoosha miguu kwa mara ya kwanza bila kugusa mtu. Mlango ukagongwa, polepole, kwa kidole kimoja.

"Hodi," ikasema sauti.

Kila mtu alikuwa na kitu mdomoni.

"Hodi jamani. Naomba soksi zangu. Ziko droo ya chini."

Mama mkwe akameza taratibu, akafuta mdomo.

"Nani?"

"Mimi. Mheshimiwa."

"Mheshimiwa wa namba ngapi?"

Walimsikia akishuka kwenye korido hadi stoo, akasimama kusoma, halafu akarudi.

"Ishirini na sita," akasema.