Kocha Aliyekataa Kuaminiwa

TAARIFA KWA UMMA. Chuo Kikuu cha Pickard kinapenda kuwatangazia wadau wake wote, ndani na nje ya Alabama, kwamba kina imani kamili na Kocha Royce Tillery, na kwamba uvumi wowote kuhusu kuondolewa kwake upuuzwe.

Taarifa hiyo niliiandika mimi, Lamar Peavy, Naibu Mkurugenzi wa Michezo anayeshughulikia Imani. Ilinichukua siku mbili. Neno "kamili" peke yake lilikula asubuhi nzima.

Kwa miaka tisa ofisi yangu imeonyesha imani kamili na makocha wanne wa mpira wa Kimarekani. Wa kwanza alidumu siku nane baada ya kuaminiwa. Wa pili siku tano, wa tatu mbili. Wa nne aliaminiwa saa nne asubuhi, na kufikia chakula cha mchana jina lake lilikuwa limeshabanduliwa pale alipokuwa akiegesha gari. Wenye wivu husema ofisi yangu inafukuza watu kwa adabu. Uongo mtupu. Ofisi yangu inaboresha mchakato, na takwimu hizo zinajieleza zenyewe.

Mjini kwetu hata watoto wanalijua hili. Mama akichoka na mtoto asiyemaliza mboga humwambia, "Shauri yako, nitakuamini sasa hivi," na sahani inakuwa nyeupe.

Utaratibu wenyewe uko katika Kifungu cha 14 cha mkataba wa kocha. Kinasema kwamba kocha hataondolewa kabla hajaaminiwa, na kwamba barua ya imani lazima asomewe ana kwa ana, kwa sauti, mbele ya mashahidi wawili. Tulikiweka baada ya kocha mmoja wa zamani kufukuzwa bila kuaminiwa, akatupeleka mahakamani, akatugaragaza.

Sasa, mwaka jana mwezi wa Oktoba, timu yetu, Kobe wa Pickard, ilikuwa imeshafungwa mechi sita kati ya nane. Ya sita ilikuwa na chuo kidogo cha wachungaji, ambao walituombea kabla ya mchezo, wakatukanyaga kwa muda wa saa tatu na nusu, kisha wakatuombea tena. Jumatatu yake simu ikalia. Alikuwa Bwana Hoyt Strickler, Mwenyekiti wa Baraza la Chuo, muuza mabafu ya maji moto katika kaunti saba. Ndiye aliyetuwekea mabafu kumi na mawili nyuma ya goli la kaskazini, ili wafadhili wakubwa waangalie mpira wakiwa wamejichovya.

"Peavy!"

"Naam, Mheshimiwa."

"Huyo Tillery nataka aaminiwe kabla ya Jumamosi. Nimeshampata mwingine."

"Mheshimiwa, kumwondoa kutagharimu dola milioni tatu."

"Zipo?"

"Hazipo."

"Basi pandisheni bei ya maegesho. Lazima nikufikirie kila kitu?"

Hapa niseme kidogo kuhusu maegesho. Kocha wa nne alipoondoka tuliunganisha Idara ya Historia na Idara ya Maegesho, kwa sababu za kimkakati. Profesa wa historia aliyebaki sasa anafundisha vita vya kale huku akikata tiketi langoni, na anasema hajawahi kuwa na mahudhurio mazuri namna hii.

Basi nikaweka barua katika bahasha, nikachukua mashahidi wawili kutoka masijala, tukaenda kwa Kocha. Anaishi kwenye nyumba ya chuo, ile ya matofali mekundu karibu na uwanja. Mlango ulifunguliwa na mkewe, Darla. Nyuma yake, kwenye korido, niliona maboksi matupu yamepangwa hadi darini, kila moja limeandikwa kwa kalamu nyeusi: SAHANI, MATAULO, JUNIE.

"Karibu, Bwana Peavy. Umekuja na bahasha?"

"Aa, tulikuwa tunapita tu, Mama Tillery, tukasema tusalimie."

"Wewe baba, pembe ya bahasha hiyo inachungulia mfukoni."

Huko jikoni dirisha lilifunguliwa kwa nguvu. Kikafuata kishindo, na sauti ya mwanaume wa miaka hamsini na mitatu mwenye goti bovu akilaani vichaka vya maua.

"Royce hayupo," alisema Darla.

"Nimemsikia, mama."

"Alikuwepo. Sasa hayupo." Akaegemea mlango, na mzaha ukamtoka usoni. "Sikiliza, Bwana Peavy. Unamjua Junie wangu?"

Namjua. Binti yao, miaka kumi na saba, mpiga klarineti katika bendi ya sekondari ya mjini.

"Hii ni shule yake ya sita. Kila akipata rafiki, inakuja bahasha. Kule Kansas alilia mpaka akatapika. Hapa amepata rafiki watatu, Bwana Peavy. Watatu! Anahitimu Mei ishirini na tatu. Mpaka Mei tu, kisha mtuamini mpaka mchoke."

"Mtalipwa haki zenu zote, mama."

"Hela tutapewa, najua. Kwani Junie atahitimu na hela? Na Hewa Safi je?"

Alikuwa na hoja. Kifungu cha 15, yaani Kifungu cha Hewa Safi, kinamtaka kila aliyeondolewa katika uongozi wa Pickard, pamoja na familia yake, ahame ndani ya siku kumi na asionekane ndani ya maili mia mbili kwa mwaka mzima, asije akampikia mrithi wake majungu. Hicho nacho nilikiandika mimi. Niliposhuka ngazi za nyumba ile nilihuzunika. Nasema wazi kwamba nilihuzunika, kwa kiwango kinachoruhusiwa na daraja langu la mshahara.

Lakini kazi ni kazi. Jumatano nilimfuata mazoezini. Kila nilipofungua mdomo alipuliza filimbi, na vijana themanini wakanipita mbio kushoto, kisha kulia. Shahidi mmoja alikanyagwa, akaomba likizo. Jumamosi tukafungwa mechi ya saba. Mwenyekiti alionekana ndani ya bafu namba moja akiyachapa maji kwa kiganja. Jumapili nikamfuata Kocha kanisani. Yeye ndiye sauti nzito ya kwaya, na kila nilipoanza kumsogelea wimbo ukielekea kuisha, aliurudisha kwenye ubeti wa kwanza, na kwaya nzima ikamfuata. Wimbo wa beti nne tuliuimba dakika arobaini. Mpiga kinanda aliomba maji.

"Mwanaume mzima unakimbizana na imani!" nilimwambia mwishowe kule uani, kwenye meza ya kuku wa kukaanga. Shahidi wangu wa pili alikuwa amekwenda kuchukua keki, kwa hiyo kisheria hatukuwa tumekutana.

"Peavy, ndugu yangu," alisema Kocha huku akipakua viazi, "hivi umewahi kuaminiwa wewe?"

"Bado."

"Basi nyamaza, ule."

Mwenyekiti alipopata ripoti yangu alifoka mpaka simu ikakwaruza. "Wewe Peavy umechemsha! Jumatatu kuna mkutano wa waandishi. Huo hawezi kuukwepa, uko kwenye mkataba. Utamsomea hapo hapo, redioni, mimi mwenyewe nikiwa nimekaa pembeni."

Jumatatu saa sita ukumbi ulijaa. Waandishi walishajua, baadhi walikuwa wameandika habari yote na kuacha pengo la saa tu. Darla alikaa nyuma, na Junie pembeni yake akiwa bado na sare ya bendi, amekumbatia boksi la klarineti kifuani. Alikuwa ameshaomba ruhusa shuleni kwa siku nzima, kwa sababu anajua mambo haya yanavyokwenda.

Kocha aliketi mezani kichwa chini. Nilidhani amekubali yaishe. Wahenga walishasema, ukimwona kobe kainama ujue anatunga sheria. Sisi ambao timu yetu inaitwa Kobe tulipaswa kulijua hilo kuliko watu wote duniani.

Kwa mujibu wa ratiba, kocha hutangulia kushukuru mashabiki. Tillery akavuta kipaza sauti.

"Nawashukuru mashabiki," alisema. "Na kabla Bwana Peavy hajasoma karatasi yake, mimi na familia yangu tungependa kutangaza kwamba tuna imani kamili na Mwenyekiti Hoyt Strickler."

Mwandishi mmoja mzee, aliyezika makocha tisa, aliangusha kalamu.

"Umesema imani, Kocha?"

"Imani."

"Kamili?"

"Asilimia mia. Hoyt ndiye mtu wetu. Tunaomba umma umpe nafasi yeye na familia yake katika kipindi hiki kigumu."

"Kipindi gani kigumu?" Mwenyekiti alisimama, uso mwekundu. "Nani ana kipindi kigumu? Mimi siendi popote! Mnasikia? Siendi popote!"

Nilifumba macho. Katika taaluma yetu, "siendi popote" ni hatua ya pili, na hakuna mtu aliyewahi kurudi kutoka hatua ya pili. Waandishi walikuwa wameshakimbilia mlangoni. Barua ilibaki mkononi mwangu bila msikilizaji, maana hata mashahidi wangu walikuwa wametoka kwenda kuwapigia simu wake zao.

Saa nane redio ilikuwa inapokea simu kuhusu nani atamrithi Strickler. Saa kumi mabango thelathini na moja ya INAUZWA yalikuwa yamechomekwa kwenye nyasi zake, kama watu wetu wafanyavyo kwa makocha. Majirani walianza kufika na mabakuli ya makaroni ya jibini, wakimshika mkono mkewe na kumwambia pole. Mtu mmoja akaona ndege ndogo ikitua kiwanja cha ndege, akawaambia wenzake kwamba mwenyekiti mpya ameshuka, na watu mia nne wakaenda kumpokea kwa bendi. Alikuwa fundi wa mashine ya barafu. Walimpenda.

Mwenyekiti alinipigia. "Peavy, kanusha!"

"Nimeandika rasimu, Mheshimiwa. Inasema huondoki."

"Ichome moto!"

Wajumbe kumi wa Baraza, ambao kwa miaka kumi na moja walikuwa wakinyoosha mikono kabla hoja haijasomwa, walikutana kwa dharura. Hawakumchukia. Waliogopa tu kuwa wa mwisho kusimama karibu naye. Baada ya mjadala wa saa nne waliazimia kwamba, ili kutuliza hali ya hewa, Chuo kitoe taarifa ya imani kamili na Mwenyekiti wake. Kazi hiyo, kwa uzoefu, ikaletwa kwangu.

Nilimkuta ndani ya bafu namba moja, uwanja mtupu, mvuke ukimpanda mabegani. Aliiona bahasha. Aliwaona mashahidi. Akavuta pumzi, akazama.

Tulisubiri. Shahidi mmoja alikuwa na saa; ilikuwa dakika moja na sekunde kumi. Alipoibuka nikaanza, "Chuo Kikuu cha Pickard kinapenda," akazama tena. Mara ya tatu umri ukamshinda, nikamsomea yote mpaka sahihi, ana kwa ana, kwa sauti. Alilia kidogo. Inawezekana yalikuwa maji.

Alidumu siku tano. Ni wastani mzuri.

Kifungu cha Hewa Safi hakitaji kocha. Kinataja kila aliyeondolewa katika uongozi, na nilikwisha kusema nani alikiandika. Maduka ya mabafu ya Strickler, kaunti zote saba, yako ndani ya maili mia mbili. Siku ya kuhama, Darla alifika kwa Bi Strickler na maboksi yake kumi na manne mgongoni mwa gari.

"Mara ya kwanza ndiyo ngumu, mama," alimwambia. "Glasi zifungie kwenye mataulo. Na paka asafiri na wewe, usimwachie dereva."

Barua ya Kocha ilikuwa na sahihi ya mtu ambaye si mwenyekiti tena, kwa hiyo ikawa karatasi tu. Mwenyekiti mpya, Bi Bettye Rusk, hathubutu kumwamini mtu. Hata mchungaji siku hizi anasema "tumaini" ili asizue taharuki. Kobe walishinda mechi moja iliyobaki, dhidi ya chuo ambacho basi lake liliharibika njiani na kikacheza kwa nusu ya timu, na Kocha Tillery bado anaishi kwenye nyumba ya matofali. Junie sasa ana rafiki wanne.

Nilitarajia kupandishwa cheo. Alhamisi iliyopita Bi Rusk aliniita, akanikaribisha kiti, akanimiminia chai ya barafu kwa mkono wake mwenyewe.

"Bwana Peavy," alisema kwa upole, "kuna neno nimeapa kutolitumia. Kwako wewe nitalitumia mara moja."

Kwa kuwa msomaji pekee wa barua za imani ni mimi, nilijisomea mwenyewe, ana kwa ana, kwa sauti, mbele ya kioo cha choo cha wafanyakazi, mashahidi wawili wakiwa wamesimama mlangoni. Nilipofika kwenye "kamili" nilijitazama kiooni, nikarudia. Kisha nikajijibu, kwa mujibu wa utaratibu, kwamba siendi popote.

Jioni yake nilikwenda kwa Darla kuomba maboksi. Alikuwa amebakiwa na moja. Akachukua kalamu nyeusi, akalikata jina la JUNIE kwa mstari mmoja, akanikabidhi.

"Chukua tu, Bwana Peavy," alisema. "Sisi hatuna kazi nalo."