Mwezi Juu ya Sufuria ya Sombe

Jumatatu, 16 Machi
Mambo yameharibika! Nimefuturu kwa Mzee Shafi, fundi viatu, baba yake Mounira. Mawazo naye alikuwepo. Anasoma fizikia, na anamtaka Mounira kama mimi. Ameongea mpaka bukari, ugali wetu, imepoa: eti ulimwengu hauna mwisho, eti tena kuna vitu vidogo hata jicho haliwezi kuviona. Mzee akasema mukwe wake atakuwa muntu anayejua kazi ya Mungu, kubwa na ndogo. Mounira akamwongezea Mawazo mchuzi. Mimi, wapi!

Jumanne, 17 Machi
Nimerudi kutoka Mokambo, mpakani, na darubini. Muuzaji ameapa inaonyesha hata sayari. Nimejaribu: ukungu mtupu. Si neno. Mzee macho yamechoka, kila mwaka wengine wanauona mwezi wa Idi kabla yake, naye anaumia. Safari hii atauona wa kwanza, kwa mkono wangu. Nani atamnyima binti muntu wa namna hiyo?

Alhamisi, 19 Machi
Asubuhi, mawingu. Mchana, mvua. Jioni, mawingu tena! Nimekata kucha ya kidole gumba, nimeibandika kwa gundi ndani ya kioo cha darubini. Mwezi mwandamo safi kabisa.

Nimempelekea Mzee, ameangalia. Akalia. Akainua mikono akaomba dua, akaagiza simu, ampigie imamu kwamba kesho ni Idi. Moyo wangu ulijaa. Mounira akaomba na yeye aone. Akaona. Akageuza darubini jikoni: mwezi uko juu ya sufuria ya sombe, majani ya muhogo. Akaigeuza kwangu: mwezi uko kwenye paji langu! Mawazo, aliyekuwepo tena, kwa adabu zote, akaomba kuona vidole vyangu. Bibi yake Mounira akasema njia ya mwongo ni fupi. Mzee aliweka simu chini, akapangusa macho. Hapo niliona haya, kweli.

Ijumaa, 20 Machi
Mwezi umeonekana. Mtaa mzima umeuona kwa macho matupu, Mzee wa kwanza! Mimi nilikuwa ndani, nakwangua gundi. Wanasema Mounira alikuwa anacheka, Mawazo kando yake.

Nimefikiri sana. Kosa langu ni moja: nilianza na kubwa. Mzee alisema na ndogo pia. Kesho, siku ya Idi, nitampelekea kioo cha kuonyesha vijidudu vya ndani ya maji.

Maji yakikosa vijidudu, kucha tisa bado ninazo.