Kompyuta Iliyofikiri Siku Tatu

Jamani, leo nimeaibika mbele ya darasa zima, na bado masikio yanawaka.

Mnajua mradi wangu wa chuo hapa Mbarara. Nina programu inayojifanya prosesa, ule ubongo wa kompyuta: unabuni prosesa isiyokuwepo, unaipa kazi, unapima ingekuwa na kasi gani. Shida ni uvivu wake. Sekunde moja ya prosesa hiyo ya kubuni inaweza kula saa nzima ya kwetu. Na leo ilikuwa siku ya mwisho ya kuonyesha matokeo. Ukikosa, unarudia mwaka.

Basi Jumamosi nikaenda nyumbani Rubondo, kambini Nakivale, nikaandika amri kwenye kompyuta yangu mpakato, nikabonyeza. Umeme wetu ni wa sola ndogo, kwa hiyo papo hapo nikapunguza mwanga wa kioo mpaka kikawa cheusi, kulinda betri. Nikapiga marufuku mtu yeyote kuigusa (mimi nikiwa wa kwanza).

Sikukaa chini. Kila nusu saa naenda kutega sikio, nasikia feni inalia, narudi nje, nazunguka nyumba. Jumatatu mama akachoka na mimi.

"Hii mashine yako iko mugonjwa? Siku ya tatu hii haiseme kitu."

"Iko inafikiri, maman."

Leo asubuhi bado inafikiri. Kuizima siwezi. Nikapanda gari pale Base Camp nimeipakata ikiwa wazi, nimeifunika kitenge, Nakivale mpaka Mbarara. Jirani yangu akauliza, "Mutoto ana miezi ngapi?" Nikamjibu kwamba ana siku tatu. (Nilikosa nguvu ya kueleza.)

Darasani mwalimu akaja mezani kwangu. "Neema, mbona kioo iko giza?"

"Nalinda betri, mwalimu. Bado inapiga hesabu tangu Jumamosi."

Akaongeza mwanga. Darasa lote likainama kutazama. Kwenye kioo kulikuwa na mstari mmoja tu: matokeo ya majaribio ya zamani yapo, niyafute? Ndiyo au hapana.

Ilikuwa haijaanza. Siku tatu ilikuwa imekaa pale kwa adabu, inangoja jibu langu.

Mwalimu akabonyeza herufi ya ndiyo, akanihamishia mwisho wa foleni ya kuonyesha. "Sisi nangoja," akasema, huku anafuta machozi ya kicheko. Masaa mawili baadaye ikamaliza, nikaonyesha matokeo, nimepita.

Nikiwa natoka, mama akapiga simu.

"Imejibu?"

"Imejibu, maman."

"Asante Yesu! Tulifunga tangu jana na bamama ba kwaya, hatujakula kitu. Njoo Jumapili utoe ushuhuda."

Nyinyi msicheke. Nisaidieni tu: mbele ya kanisa nitasema nini?